Mbao za mbili kwa nne zinavyoweza kumpatia seremala benchi la maisha

FUNDI seremala anaweza kuwa na msumeno mkali, randa nzuri na mkono mwepesi, lakini kama meza anayofanyia kazi imepinda, mlango anaoutengeneza nao utapinda. Vijana wengi wanaoanza useremala nyumbani huugundua ukweli huo wakiwa wamechelewa, baada ya mteja wa pili au wa tatu kurudisha kazi.

Katika miji mingi ya Tanzania si jambo geni kumkuta fundi akiranda ubao juu ya magogo mawili, juu ya ngazi za baraza au juu ya meza kuukuu iliyopigiliwa misumari ubavuni. Ubao unacheza, randa inaruka, na fremu iliyoonekana sawa pale chini inakataa kufunga inapofika mlangoni kwa mteja. Hasara yake ni mbao, siku mbili za kazi na jina la fundi.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni gharama. Benchi zuri la useremala linahitaji uso mnene, mzito na ulionyooka, na ubao mmoja mpana wa mninga, mkongo au mvule wa kutosha kazi hiyo ni ghali, ukipatikana. Wengi huamua kusubiri hadi mtaji ukue, nao mtaji haukui kwa sababu kazi zinarudi.

Hata hivyo, ipo njia ambayo haihitaji ubao mpana hata mmoja. Ni kuchukua mbao za kawaida za paini za mbili kwa nne, zile zinazonunuliwa kwa ajili ya kenchi za paa, kuzisimamisha kwa ubavu na kuzibandika kwa gundi moja baada ya nyingine hadi zifanye uso mmoja. Kazi hiyo hufanyika nyuma ya nyumba kwa vifaa vya mkono, na siri yake iko katika mambo mawili: mbao zilizokauka na nyuso zilizorandwa zikakutana bila mwanga kupita.

Miti minene imekwisha

Mafundi wa zamani hawakuhitaji kubandika. Seremala Mfaransa André Jacob Roubo, aliyeandika vitabu vya ufundi huo kuanzia mwaka 1769, alieleza benchi lenye uso wa ubao mmoja wenye unene wa inchi tano hadi sita. Wakati huo miti minene ilikuwapo na ilipasuliwa hivyo hivyo.

Karibu karne moja na nusu baadaye hali Ulaya ilikuwa imebadilika. Mwaka 1906 Mjerumani Otto Hetzer, seremala wa Weimar, alipata hataza ya kutengeneza boriti kubwa kwa kubandika mbao nyembamba kwa gundi. Tangu hapo mbao zilizobandikwa zimetumika kubeba mapaa ya vituo vya reli, kumbi za michezo na hata madaraja. Kama gundi inabeba paa la ukumbi, haiwezi kushindwa na benchi la seremala.

Tanzania nayo imefika kwenye hali hiyo. Miti ya asili yenye mbao ngumu imepungua na uvunaji wake unahitaji vibali. Mbao nyingi za ujenzi na samani za bei nafuu sasa zinatoka kwenye mashamba ya paini na mikaratusi ya Nyanda za Juu Kusini. Shamba la Sao Hill, lililoko wilayani Mufindi mkoani Iringa, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, na pembeni yake wamekua maelfu ya wakulima binafsi wa miti katika Iringa na Njombe.

Wakulima wengi wadogo huvuna miti ikiwa bado michanga, maana ada za shule na matibabu havisubiri mti unenepe. Mti mchanga hutoa mbao nyembamba, zenye macho mengi na zinazopenda kujikunja. Fundi anayetaka ubao wa inchi 12 ulionyooka kutoka kwenye mti kama huo anatafuta kisichokuwapo, lakini anayejua kubandika anaona mali.

Kwa nini nyingi hushinda moja

Ubao mmoja mpana una tabia moja. Ukitaka kujikunja hujikunja wote, ukipasuka hupasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Mbao kumi na nne zilizobandikwa pamoja zina tabia kumi na nne zinazovutana. Huu unataka kwenda kushoto, jirani yake anamzuia. Jicho lililoko kwenye ubao mmoja haliwezi kuvuka kwenda wa pili.

Faida ya pili ni ukakamavu. Ubao uliolala una unene wa inchi mbili tu, lakini ukisimamishwa kwa ubavu unene wa meza unakuwa karibu inchi nne. Ukakamavu wa meza dhidi ya kupinda hupanda kwa mchemraba wa unene wake, maana yake ukiongeza unene mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane. Ndiyo sababu uso wa mbao zilizosimama haudundi fundi anapopiga patasi juu yake.

Faida ya tatu ni uzito. Uso wenye urefu wa sentimita 175, upana wa sentimita 63 na unene wa sentimita 8.5 utakuwa na uzito wa karibu kilo 45 kwa paini iliyokauka, kabla ya miguu. Benchi la namna hiyo halisogei fundi anapovuta msumeno.

Hesabu kabla ya kwenda yadi

Bei ya mbao hupanda na kushuka kwa msimu na kwa umbali kutoka mashambani, lakini hesabu ya vipande haibadiliki. Ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa futi 12 ukikatwa katikati hutoa vipande viwili vya futi 6. Kila kipande kikirandwa pande zote hubaki na unene wa takriban sentimita 4.5. Vipande 14 vikipangwa pamoja hufanya upana wa sentimita 63, unaotosha kwa milango, madirisha, meza na vitanda.

Vipande 14 ni mbao saba. Mwenye busara hununua nane, kwa sababu mmoja utakataa. Miguu na mihimili ya chini inahitaji mbao tano zaidi. Jumla ni mbao 13 za futi 12, kopo moja la gundi nyeupe ya mbao la kilo 1, bolti nane zenye nati na wosha zake, msasa kidogo na mafuta ya kitani.

Hesabu ya gundi nayo ni rahisi. Kati ya vipande 14 kuna viungo 13, na vyote kwa pamoja vina eneo la takriban mita 2 za mraba. Kila mita ya mraba inakula gramu 200 hivi, kwa hiyo gramu 400 hadi 450 zinatosha na kopo linabaki na akiba.

Pale yadi, fundi asikubali kupewa mbao za juu ya lundo bila kuchagua. Ubao ushikwe mwisho mmoja na kutazamwa kama anayelenga bunduki. Uliopinda kidogo kama upinde unaweza kunyooshwa kwa randa, lakini uliojisokota kama kamba uachwe hapo hapo. Ubao wenye kiini cha mti katikati nao uachwe, kwani ndio hupasuka wa kwanza. Madoa ya bluu si kosa kubwa kwa nguvu ya ubao, ila ni dalili kwamba ulikaa na maji muda mrefu.

Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa hazifai kwa kazi hii. Vumbi lake ni hatari kwa anayeranda, na uso wa benchi hushikwa kwa mikono kila siku.

Kukausha ni nusu ya kazi

Hapa ndipo mabenchi mengi huharibikia. Paini iliyotoka msituni inaweza kuwa na maji mengi kuliko uzito wa mti wenyewe. Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara zilipasuliwa wiki chache tu zilizopita. Fundi akizibandika zikiwa mbichi zitaendelea kukauka ndani ya benchi, zitasinyaa, na viungo vitaachia kuanzia kwenye ncha. Kisha gundi italaumiwa bure.

Ubao haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana unapokauka, bali hupungua upana na unene. Kufuata mzingo wa pete za mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kiini kwenda ganda. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja.

Njia ya kukausha nyumbani haina gharama. Mbao hupangwa kivulini penye upepo, sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vya unene wa inchi moja, kila baada ya sentimita 50 hivi, vikiwa vimenyooka kimoja juu ya kingine. Vijiti vikipishana, mbao zitakauka na mawimbi. Ncha za mbao hupakwa rangi iliyobaki au nta ili zisikauke haraka na kupasuka. Juu hufunikwa kwa bati na kuwekewa mawe. Jua kali la moja kwa moja halifai, maana huukausha uso na kuuacha moyo wa ubao ukiwa mbichi.

Muda unategemea mahali. Dodoma au Singida, penye ukavu, mbao za inchi mbili zinaweza kuwa tayari mapema kuliko Tanga au Dar es Salaam. Badala ya kuhesabu wiki, fundi apime. Kipande kidogo hukatwa katikati ya ubao, mbali na ncha, kikapimwa papo hapo kwenye mizani ya gramu. Kisha hukaushwa kwenye jiko la kuokea lenye joto la nyuzi 100 na kidogo, hadi uzito wake usipungue tena.

Tuseme kilikuwa gramu 112 na baada ya kukauka kabisa kimebaki gramu 100. Tofauti ni gramu 12, na ukiigawa kwa uzito mkavu unapata asilimia 12. Hicho ndicho kiwango kizuri kwa kazi ya ndani, na kwa ukanda wa pwani hata asilimia 14 inakubalika. Kikipatikana asilimia 20 na zaidi, mbao zirudi kwenye vijiti.

Asiye na jiko wala mizani ya gramu anaweza kupima ubao mmoja mzima kwenye mizani ya mpunga kila wiki. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, ubao umelingana na hewa ya mahali pale.

Kuranda na kupanga

Mbao zikiwa kavu, hukatwa na kupangwa chini kama zitakavyokaa. Macho makubwa yafichwe ndani au chini, na upande safi ndio uwe juu. Uzi wa mbao zote uelekee upande mmoja. Hilo ni muhimu, kwa sababu siku ya kusawazisha uso randa itapita juu ya mbao zote kwa pamoja, na ubao mmoja uliogeuzwa utang'oka vipande wakati wenzake wanakatika vizuri.

Baada ya kupanga, fundi huchora pembetatu moja kubwa kwa penseli juu ya mbao zote. Siku ya gundi, hata mbao zikichanganyika, pembetatu itaonyesha kila moja mahali pake.

Kuranda kunaweza kufanywa kwa mkono, lakini mashine za mtaani za kuranda kwa malipo ya kila kipande huokoa siku nzima. Hata hivyo, mashine huacha mawimbi madogo na ubao uliojisokota hutoka ukiwa bado umejisokota. Kwa hiyo kila uso lazima ukaguliwe. Mbao mbili hukutanishwa na kuinuliwa kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati, randa irudi. Mbao zikikaa bila kuyumba na zikibanwa kwa mkono tu zikafunga, hapo gundi itafanya kazi yake.

Gundi si ya kujaza nafasi. Mafundi wanaoichanganya na unga wa msumeno ili kuziba mianya wanaficha tatizo kwa rangi tu. Kiungo kilichobanwa vizuri huwa na gundi nyembamba kuliko karatasi.

Inashauriwa kuranda na kubandika vifuatane ndani ya siku moja au mbili. Uso uliorandwa leo hunywa gundi vizuri kuliko uliokaa wiki ukishika vumbi, na ubao nao hupata muda wa kubadilika ukiachwa.

Siku ya gundi

Kabla ya kufungua kopo, vipande viwili vya mabaki vibandikwe, vibanwe na kuachwa hadi kesho yake, kisha vipigwe nyundo. Vikipasukia kwenye mti wenyewe na si kwenye gundi, gundi ni nzima na mbao ni kavu. Vikiachana safi kama vitabu viwili, kuna kosa, na ni heri kulijua kwa vipande viwili kuliko kwa vipande 14.

Kosa jingine ni kutaka kubandika zote kwa mkupuo. Gundi nyeupe huanza kushika ndani ya dakika kumi hivi, na kwenye joto la mchana ni haraka zaidi. Fundi aliye peke yake hawezi kupaka viungo 13 na kuvibana kwa muda huo. Njia iliyo salama ni makundi matatu, la vipande vinne na mengine mawili ya vipande vitano. Kila kundi linakuwa na upana wa kati ya sentimita 18 na 23, hivyo bado linapita kwenye mashine za kuranda za inchi 12 zilizozoeleka. Asubuhi mapema au jioni ndiyo saa nzuri ya kazi.

Kwanza mbao hubanwa kavu, bila gundi, ili kuhakikisha kila kitu kipo na kinafika. Kisha gundi hupakwa kwa brashi au kwa kipande cha kadi kwenye nyuso zote mbili zinazokutana, nyembamba na bila kuacha mahali pakavu. Ubanaji huanzia katikati kwenda kwenye ncha, kila baada ya sentimita 30, klampu moja ikikaa juu na inayofuata chini ili mbao zisijikunje.

Gundi inapotoka kama shanga ndogo ndogo kando ya kiungo chote, nguvu inatosha. Isipotoka kabisa, ni kidogo au kiungo hakijafunga. Ikimwagika kama uji, ni nyingi mno. Shanga hizo zisifutwe kwa maji mengi, bali ziachwe nusu saa zigande kama mpira, kisha zikwanguliwe kwa patasi kuukuu. Gundi iliyokauka kama jiwe huvunja makali ya randa.

Kundi hukaa limebanwa usiku kucha, ingawa gundi nyingi hushika ndani ya saa moja au mbili. Baada ya siku mbili au tatu makundi yote yanakuwa tayari. Kando zake hurandwa tena, hukaguliwa kwa mwanga, kisha hubandikwa pamoja. Viungo vya mwisho ni viwili tu, kazi ambayo fundi na msaidizi mmoja wanaimaliza bila haraka.

Misumari isipigwe popote. Haisaidii gundi, na siku ya kusawazisha itaharibu randa.

Klampu zisipokuwapo

Klampu ndefu za chuma ndizo kifaa cha gharama kubwa katika kazi hii, na kwa wengi ndizo kisingizio cha kuacha. Kabari inafanya kazi ile ile. Huchukuliwa kipande imara cha mbili kwa nne chenye urefu wa mita moja, na kila mwisho hufungwa gogo dogo kwa bolti. Nafasi kati ya magogo hayo iwe kubwa kuliko upana wa kinachobanwa kwa sentimita tano hadi saba. Mbao huwekwa katikati, kisha kabari mbili zinazotazamana hupigwa nyundo kati ya gogo na mbao. Kadiri zinavyopishana ndivyo zinavyobana.

Vibanio saba vya namna hiyo vinatosha uso wa futi 6, na hutengenezwa kwa mabaki. Kwa makundi madogo, sehemu moja ya kibanio huwekewa gogo la ziada kupunguza nafasi. Karatasi ya nailoni iwekwe kati ya kibanio na mbao, la sivyo kibanio nacho kitabandikwa.

Mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, ambayo mafundi wengi huitumia kufungia viti, haitoshi kwa mbao nene kama hizi. Ni msaada mzuri wa kushikilia kabari zisilegee.

Kusawazisha na kuweka miguuni

Uso uliobandikwa huachwa siku kadhaa utulie. Kisha hukaguliwa kwa bomba la mraba la chuma au ubao ulionyooka, ukiwekwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Pima maji haisaidii hapa, kwani kinachotafutwa ni unyofu, hata kama sakafu imeinama. Sehemu zilizoinuka hutiwa chaki, nazo ndizo hurandwa kwanza, randa ikipita kimshazari kutoka kona hadi kona. Zikiisha, randa ndefu hupita kwa kufuata uzi. Mwisho ncha mbili hukatwa sawa kwa msumeno, na hapo urefu wa sentimita 175 unapatikana bila nyufa za mwishoni.

Miguu hutengenezwa kwa kubandika mbao mbili mbili kwa njia ile ile. Kimo cha benchi hutegemea mtu. Fundi akisimama wima na mikono ikiwa imelegea, uso ufike karibu na kifundo cha mkono. Benchi refu mno huchosha mabega, na fupi mno huumiza kiuno.

Jambo moja husahaulika wakati wa kufunga uso kwenye miguu. Mti hauachi kupumua. Uso wa upana wa sentimita 63 unaweza kupanuka na kusinyaa hata milimita 4 au 5 kati ya masika na kiangazi. Bolti za upande wa mbele zikazwe kabisa, na zile za nyuma zipitie kwenye matundu yaliyorefushwa kidogo kwa keekee ili uso upate pa kwenda. Ukibanwa pande zote, utapasuka wenyewe.

Mafuta ya kitani hupakwa juu na chini kwa usawa. Anayepaka juu tu huacha upande wa chini unywe unyevu peke yake, na uso hujikunja. Vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta hayo visikunjwe na kutupwa kwenye kona ya karakana, kwa sababu vinaweza kupata moto vyenyewe na kuwaka. Vitandazwe nje hadi vikauke.

Mtaji unaozaa

Ukiondoa muda wa kukausha, kazi yote inaweza kuchukua jioni za wiki moja hadi mbili. Kinachobaki ni kifaa ambacho hakina injini ya kuharibika wala bili ya umeme, na uso wake ukichakaa hurandwa tena milimita chache ukawa mpya.

Mapato yake huanzia kwenye kazi zisizorudi. Mlango uliounganishwa juu ya uso ulionyooka hufunga mara ya kwanza, na fundi hahitaji kubeba randa kwenda nyumbani kwa mteja kurekebisha alichokwisha kulipwa. Kwa wafugaji wa nyuki na wakulima, benchi hilo hilo ni mahali pa kuundia mizinga ya kisasa, ambayo fremu zake hazikubali kosa la hata milimita chache, pamoja na makreti ya nyanya na mipini ya majembe.

Aidha, ujuzi wenyewe ni bidhaa. Aliyebandika uso wa benchi lake anaweza kubandika meza ya mgahawa, kaunta ya duka, vibao vya kukatia nyama na ngazi za ndani ya nyumba. Vipande vifupi vinavyochomwa kama kuni kwenye viwanda vya kupasua mbao hupata thamani mpya. Kwa mkulima wa miti, soko la namna hiyo ni habari njema, kwani mbao nyembamba anazouza kwa bei ya chini zinapata mnunuzi anayezihitaji zikiwa nyembamba hivyo hivyo.

Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha useremala juu ya mabenchi imara. Mhitimu anapotoka huacha benchi chuoni na kurudi nyumbani kwenye magogo mawili. Kijana wa aina hiyo hahitaji kusubiri mkopo ndipo aanze. Mbao 13, kopo la gundi, kabari za mabaki na subira ya kuacha mbao zikauke vinatosha kumpatia meza ambayo watoto wake wanaweza kuja kuirithi.